Jenereta Haifi kwa Kazi, Hufa kwa Kukaa

Uwe unanisikiliza Unguja au Pemba, Tanga, Dar es Salaam au Lindi, leo nina swali moja la nyumbani: jenereta yako iko wapi? Siulizi ile ya hoteli au ya hospitali, yenye chumba chake na fundi wake wa mshahara. Nauliza ile ndogo, ya kubebwa na watu wawili, tangi juu na kamba ya kuvuta ubavuni, uliyoinunua kwa jasho siku zile umeme ulipokuwa unakuja kwa zamu.

Majibu ya wengi nayajua. Iko chini ya ngazi. Iko uani imefunikwa gunia. Iko stoo nyuma ya mkaa, na juu yake pameshawekwa ndoo, koleo na viatu vya mvua. Na ndani ya tangi mmebaki petroli lita mbili tatu, maana mwenye nyumba alisema, “Iacheni humohumo, huenda umeme ukakatika usiku.” Hizo lita mbili tatu ndizo zilizonileta mbele ya kipaza sauti jioni hii.

Tukumbushane kwanza kwa nini tulizinunua. Mei 2008, Unguja yote iliingia gizani baada ya hitilafu katika njia ya umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara, na giza lile lilidumu karibu mwezi mzima. Watu hawajasahau, ikaja Desemba 2009: umeme ukakatika tena, na safari hii haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu za maji zikasimama, mafriji yakageuka makabati, na mtu aliyekuwa na jenereta dukani kwake akawa anachajia simu za mtaa mzima. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja kuzinduliwa 2013. Bara nako hakukuwa salama. 2006 ukame ulipunguza maji ya mabwawa ya kuzalisha umeme, 2011 mgao wa umeme ukarudi, na mwishoni mwa 2023 tukawa tunaulizana tena asubuhi, “Kwenu unakatika saa ngapi?”

Halafu hali ikabadilika. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, pale Mto Rufiji, ulianza kuzalisha umeme. Mitambo ya bwawa lile ni 9, na jumla yake ni megawati 2,115. Mgao tuliouzoea ukatoweka, na jenereta zikarudi chini ya ngazi.

Sasa hesabu mwenyewe miaka niliyoitaja. Kati ya shida moja na nyingine hupita mwaka mmoja na nusu, miaka mitano, hata zaidi ya kumi. Maana yake ni kwamba kazi kubwa ya jenereta ya nyumbani ni kusubiri. Kutoa umeme ni kazi yake ya mara mojamoja. Sisi tunajifunza kuiwasha, tunajifunza kuiunganisha na friji, lakini namna ya kuilaza hakuna anayetufundisha. Ndiyo maana siku ya haja inapofika, wengi wetu tunavuta kamba mpaka bega linauma, na mashine haitoi hata kikohozi.

Siku moja nilikuwa kwenye baraza la fundi mmoja mjini Unguja, mtu mzima aliyezeeka na spana mkononi. Akaja kijana na jenereta ndani ya gari la ng’ombe.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Imekuwaje?”

“Haiwaki. Na mpya, fundi! Haijafanya kazi hata wiki mbili.”

“Haijatumika tangu lini?”

“Tangu masika ya mwaka juzi.”

“Basi ndiyo maana haiwaki.”

Mzee yule hakugusa plagi wala kamba. Alichukua spana namba 10, akafungua boliti moja tu chini ya kabureta, akakishusha kile kikombe kidogo cha bati ambamo petroli husubiri kabla ya kuingia kwenye injini. Akampa kijana akitazame. Mlikuwa hamna petroli. Mlikuwa na ute wa kahawia ulioganda chini, na pembeni umeweka rangi ya kijani pale unapokutana na shaba ya njano. Harufu yake haikuwa tena ya petroli. Ilikuwa kali, chachu, ya rangi ya mbao. Kisha akatoa kile kipande kidogo cha shaba ya njano wanachokiita jeti, akakiinua kwenye mwanga. Katikati yake hupita kitundu ambacho hakifiki hata upana wa milimita moja. Ukitazama kwenye jeti nzima unaona mwanga. Kwenye ile hatukuona kitu.

Hiyo ndiyo siri yote, msikilizaji. Petroli si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi na vingine vizito. Vyepesi ndivyo vinavyoshika moto haraka na kuiamsha injini iliyopoa, na hivyohivyo ndivyo vinavyokimbia mapema kwa kugeuka mvuke. Vinavyobaki hukutana na hewa ya oksijeni, polepole vinageuka gundi. Ni sawa na chai ya maziwa iliyosahauliwa kwenye kikombe: maji yanaondoka, na kinachobaki chini unakikwangua kwa kijiko. Watengenezaji wengi wa injini ndogo wanaonya kwamba petroli huanza kupoteza nguvu ndani ya siku 30 hivi. Na joto huharakisha uharibifu huo, na joto letu la pwani halihitaji maelezo.

Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Wasemee mahindi, wasemee fedha, wasemee samli. Petroli huoza. Anayeiacha ndani ya jenereta akidhani ameweka akiba, ameweka gundi mahali pembamba kuliko pote katika mashine yake.

Basi tuseme umeshaamua kwamba jenereta haitatumika kwa miezi mitatu, sita, au mwaka. Tenga asubuhi moja. Huhitaji gereji. Tafuta spana ya kabureta na ya plagi, bisibisi, faneli, debe la kupokea oili, galoni safi ya petroli, matambara, na oili mpya ya injini. Kama kuna kijana nyumbani mwite asimame karibu, ili kazi hii isibaki kichwani mwa mtu mmoja.

Tunaanza na oili. Itoe jenereta nje, mahali pa wazi, iwashe iungurume dakika tano hadi kumi, kisha izime. Sababu yake ni kwamba oili ya moto ni nyepesi, hutiririka na kubeba uchafu. Ya baridi hushikamana na kuta za injini. Angalia usiungue, maana ekzosi hubaki na moto muda mrefu. Legeza boliti ya chini, kinga debe, iache imwagike mpaka tone la mwisho, halafu jaza mpya mpaka kwenye alama ya kijiti cha kupimia. Injini ndogo za saizi ya jenereta ya kilowati mbili hivi huchukua takriban lita 0.6, zile kubwa zaidi za kilowati tano huchukua kama lita 1.1. Kwa nini ubadilishe oili ya mashine ambayo haiendi kufanya kazi? Kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na maji yanayotokana na uchomaji wa petroli. Ukiifungia ndani mwaka mzima, inakula vyuma taratibu hali wewe umelala.

Na hiyo oili chafu usiimwage uani. Najua wapo wanaopaka miti ya paa ili isiliwe na mchwa. Lakini sisi wa visiwani maji yetu ya kunywa yanatoka chini ya ardhi, na mawe yetu ya matumbawe hayazuii kitu; kinachomwagwa juu hupenya mpaka kwenye maji. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko uipeleke gereji wanakokusanya.

Injini ikishapoa kabisa, narudia, ikishapoa kabisa, tunahamia kwenye tangi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kuufuata moto ulipo. Kwa hiyo hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa la jirani, hakuna mtoto anayecheza na kiberiti. Hamisha petroli kwa pampu ndogo ya mkono au kwa kuufungua mpira wake chini ya tangi. Tafadhali usinyonye kwa mdomo. Hili tumelizoea mno, na petroli ikikosea njia ikaingia mapafuni, inaweza kuua. Petroli yenyewe, kama ina wiki chache tu na haijabadilika rangi wala harufu, itie kwenye pikipiki au gari uitumie leo. Isiachwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, jikoni, ambapo mgeni ataidhania soda.

Tangi tupu. Umemaliza? Bado. Kwenye kabureta bado kuna petroli ya kutosha kufanya ubaya niliouona barazani kwa fundi. Acha koki ya mafuta ikiwa wazi, washa injini, iache ijimalize. Itaenda dakika chache, kisha itaanza kukwama. Ikianza kukwama, vuta choki inyonye kilichobaki. Ikizima yenyewe, legeza ile skrubu ndogo ya chini ya kabureta, matone ya mwisho yatoke kwenye kitambaa. Kaza, funga koki. Kazi hiyo haichukui hata robo saa, na ndiyo iliyomshinda kijana wa gari la ng’ombe.

Hapa kuna watakaouliza: je, si bora kujaza tangi pomoni kuliko kulikausha? Swali lina maana, na sitalipuuza. Tangi la chuma likiwa nusu, hewa iliyomo ndani ina unyevunyevu. Usiku ukipoa, unyevu ule hushika ukuta wa tangi na kuleta kutu. Ndiyo maana wengine hujaza tangi mpaka juu na kutia dawa ya kuihifadhi petroli, kisha huiwasha injini dakika kumi ili dawa ifike mpaka kwenye kabureta. Njia hiyo ni nzuri pale dawa yenyewe inapopatikana, na pale ambapo tangi lililojaa petroli halitalala ndani ya nyumba wanayolala watoto. Kwa nyumba zetu nyingi, zilizobanana, stoo iko mlango wa pili na jikoni, mimi nachagua kukausha. Na ili tangi lisipate kutu, mimina vijiko vichache vya oili safi, lizungushe litapakae ndani, funga kifuniko. Siku ya kuwasha injini itatoa moshi kidogo mwanzoni, usiogope.

Sasa silinda. Hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana. Hakikisha swichi imezimwa. Chomoa kofia ya plagi uiweke mbali na tundu, fungua plagi. Ndani ya tundu lile mimina kijiko kimoja cha chai au viwili vya oili safi, si zaidi. Tandika kitambaa juu ya tundu, maana oili inaweza kuruka, kisha vuta kamba polepole mara mbili tatu. Hapo unaipaka pistoni na kuta za silinda utando wa kuzuia kutu. Rudisha plagi, ianze kwa vidole mpaka ikamate nyuzi zake, ndipo umalizie na spana.

Halafu kuna jambo ambalo watu wachache hulifanya. Shika kamba, ivute taratibu sana. Utaisikia inakwenda, inakwenda, mara inakuwa nzito mkononi. Simama hapohapo. Uzito ule ni pistoni inayogandamiza hewa, na wakati huo vali zote mbili, ya kuingizia na ya kutolea, zimefunga. Iache kamba irudi pole. Umeufunga mlango wa silinda kwa ndani, na hewa yenye chumvi haina pa kupitia. Kama mkono umepitiliza na kamba ikawa nyepesi tena, vuta upya mpaka uzito urudi. Hakuna chombo cha kununua hapa. Ni mkono na subira.

Plagi imefunga. Tazama kichujio cha hewa. Kama ni cha sponji, kioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kikamue bila kukisokota, kikauke kivulini. Kitie oili safi kidogo, kikamue tena mpaka isidondoke, kirudishe. Kama ni cha karatasi, kipigepige vumbi litoke, usikioshe. Kikiwa cheusi, nunua kipya.

Sasa nje. Pwani, chumvi iko hewani. Huioni, lakini itazame nondo iliyotokeza kwenye ukuta wa ufukweni baada ya mwaka mmoja. Safisha vile vibati vilivyojipanga kwa mistari kwenye silinda, kwa brashi kavu, maana ndivyo vinavyoipoza injini. Usiipige mashine maji ya mpira. Maji yakiingia upande wa umeme ni hasara nyingine. Futa vumbi, kisha pitisha kitambaa chenye oili kidogo juu ya vyuma vyote vilivyo wazi, fremu, boliti, na mdomo wa ekzosi ukiwa umepoa. Mdomo huo uzibe kwa kitambaa kilichofungwa kamba ya rangi ya kuonekana, kwa sababu nyigu wa udongo hawaulizi ruhusa, na panya wakikuta mahali pa joto na giza hawakatai. Panya wana kosa jingine: wanatafuna nyaya. Ukikuta kinyesi chao stoo, malizana nao kwanza ndipo uingize jenereta.

Kama jenereta yako ina betri ya kuwashia, chomoa waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Itoe, iweke mahali pakavu, uichaji kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 ikiwa imetulia. Ikiachwa ikashuka sana na kukaa hivyo, huenda isirudi tena, hata uichaji siku tatu.

Mahali pa kuiweka pawe pakavu, pa kupitisha hewa, mbali na moto na mitungi ya gesi. Usiiache kwenye sakafu ya saruji; itilie mbao mbili chini, saruji hupandisha unyevu wakati wa masika. Ifunike kwa kitambaa cha pamba au kanga kuukuu. Nailoni inakinga mvua, kweli, lakini inafungia jasho ndani, na asubuhi ukiifunua unakuta matone. Isimame wima kwa miguu yake, isilazwe ubavu, oili itapanda juu ya pistoni na kuingia kwenye kichujio.

Mwisho wa kazi yote, chukua kipande cha boksi na kalamu ya wino mzito. Andika: tarehe ya leo, oili mpya imetiwa, tangi halina petroli, koki imefungwa, ekzosi imezibwa, tangini na ndani ya silinda mna oili kidogo. Kifunge kwenye mpini wa kamba ya kuwashia. Yaani mahali ambapo hakuna atakayeiwasha bila kukigusa. Wewe unaweza kuwa safarini, au umelazwa, au mkeo ndiye aliyebaki na shemeji yake ndiye aliyeitwa kusaidia. Kile kiboksi kitasema kwa niaba yako.

Neno kwa wenye zile jenereta ndogo kabisa, za kuchanganya oili na petroli kwenye tangi moja. Hizo hazina oili ya kubadilisha chini, lakini petroli yake ina shida zaidi: ikikauka, oili iliyochanganywa hubaki yote kwenye kabureta. Kwa hiyo kukausha tangi na kabureta ni lazima. Na mchanganyiko uliobaki usiutie kwenye gari au pikipiki ya kawaida.

Wapo watakaosema, “Mimi siwezi kusema sitaihitaji miezi sita. Nina duka la samaki, umeme ukikatika saa tatu tu nimepata hasara.” Kweli kabisa. Wewe usiilaze; iendeshe. Mara moja kwa mwezi iwashe nusu saa, nje, na uipe mzigo: pasi, friji, taa kadhaa, ifike kama nusu ya uwezo wake. Kuiwasha dakika mbili bila mzigo ukaizima ni kujidanganya. Haipati joto la kukausha unyevu, wala petroli mpya haizunguki vya kutosha. Na ile petroli ya tangini itumie na kuibadilisha, isizeeke.

Mzigo huo una faida nyingine isiyosemwa. Jenereta nyingi za nyumbani hutegemea sumaku kidogo iliyobaki ndani ya chuma chake ili ianze kutoa umeme. Ikikaa muda mrefu sana, sumaku ile inaweza kupungua mpaka ikawa haitoshi. Hapo utaona ajabu: injini inawaka kwa mvuto mmoja, inaunguruma vizuri, lakini taa haiwaki na mita inasoma sifuri. Watu hukimbilia kusema imeungua. Mara nyingi haikuungua. Fundi wa umeme anaweza kuirudishia sumaku kwa betri kwa muda mfupi. Umwite fundi, usijaribu mwenyewe kwa kusikia redioni.

Siku ya kuitoa, rudi kwenye kiboksi ukisome. Toa kitambaa cha ekzosi, pima oili kwa kijiti, tia petroli mpya kidogo, fungua koki, tazama kama panadondoka. Ondoa plagi uvute kamba mara mbili ili oili ya ziada itoke, rudisha plagi, vuta choki, washa. Na iwashie nje. Si barazani chini ya dirisha, si stoo mlango ukiwa wazi. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaweza kumuua mtu akiwa amelala. Tena usiunganishe jenereta na nyumba kwa ule waya wenye vichwa vya kuchomeka pande zote mbili. Umeme wako unatoka nje kwenye nguzo, na juu ya nguzo kuna fundi wa shirika la umeme anayeamini kwamba waya umekufa. Tafuta swichi ya kubadilishia, ifungwe na fundi aliyesajiliwa.

Nimesema mengi, msikilizaji, lakini hoja yangu ni moja. Hatukununua jenereta kwa ajili ya siku njema, na siku mbaya haitoi taarifa. Umeme wa leo umetulia. Waya wa baharini bado uko baharini, mito bado inategemea mvua. Kwa hiyo mwenye jenereta ana njia tatu za uaminifu: ailaze vizuri, aiendeshe kila mwezi, au aiuze sasa ingali nzima, mwenzake mwenye duka aitumie. Njia ya nne, ya kuiacha chini ya ngazi na petroli yake tumboni, ni kulipa bei ya mashine ili ununue chuma chakavu.

Jumamosi hii, kabla jua halijapanda, itoe nje uifungue tangi, unuse. Kama harufu imegeuka chachu, usiiwashe kwanza. Mwaga kwenye galoni, safisha kabureta, anza moja. Kama bado ni nzuri, una bahati, na asubuhi moja inakutosha.